Jiko la Mzee Bikari

Simu ya Mzee Bikari ilimkuta binti yake chini ya lori, mgongo juu ya kadibodi, tochi mdomoni. Aliipokea kwa kidole kimoja kilichokuwa na nafuu ya uchafu, akaibana kati ya sikio na bega.

"Mwanangu," baba yake alisema, "nimepata jiko."

Fundi Waya akatema tochi. "Umepata nini?"

"Jiko. Nimelitafuta miezi sita, mwisho nimelipata. Dogo, lakini lina joto, we acha tu. Na halili sana. Jumamosi asubuhi nakuja nalo hapo kwako, nataka wewe ndiye..."

Mtandao ukakata hapohapo, penye utamu. Alijaribu kumpigia mara tatu, na mara tatu akajibiwa na yule dada asiyechoka, kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Sasa, mtu mzima akikupigia simu kukuambia amepata jiko, humuulizi kama ni la mkaa au la gesi. Amepata mke. Ndivyo tunavyosema sote, harusini na vijiweni, na ndivyo Fundi Waya alivyoelewa akiwa chali chini ya lori la watu. Alibaki kalala pale, anaitazama difu ya lori, mpaka mwenye lori akainama kuuliza kama kuna hitilafu kubwa.

"Ipo," alisema. "Lakini si kwenye gari lako."

Jina la Waya alipewa na madereva, kwa sababu alikuwa fundi umeme wa magari, na kwa sababu alikuwa mwembamba na ukimgusa vibaya anapiga shoti. Baba yake naye Bikari hakuzaliwa nalo. Alikuwa mpima ardhi, na miaka yote ya kazi alitembea na bikari mfukoni kama wengine wanavyotembea na miswaki. Alikuwa mtu wa kupima. Akila chungwa, alipima maganda. Alipostaafu aliomba aachiwe kazi moja tu, ya kupanda kule mlimani kila Jumanne kusoma vipimo vya mvua vya idara ya maji, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, aliachiwa. Alipanda na Kobe. Kobe ni gari lake la milimani, kuukuu, la dizeli, mwili wa bati nene na nyuma turubai, gari lisilojua haraka wala kukwama. Limekula chumvi kuliko madereva wengi.

Mkewe, mama yake Fundi Waya, alifariki miaka minne iliyopita.

Fundi Waya angeulizwa mbele za watu, angesema baba ana haki yake. Angeongeza hata kwamba upweke ni maradhi. Lakini hakuulizwa mbele za watu. Aliulizwa jikoni kwake na mumewe, seremala, mtu wa maneno machache.

"Sasa tatizo liko wapi?" mumewe aliuliza.

"Tatizo halipo. Nani kasema kuna tatizo? Nenda kanipigilie msumari pale ukutani."

"Msumari wa nini?"

"Wa picha ya mama."

Picha ile siku zote ilikaa chumbani, juu ya meza ya kushonea. Alitaka sasa ihamie sebuleni, mkabala na kiti cha mgeni, ili mtu akikaa na kuinua kikombe akutane nayo macho kwa macho. Seremala alipigilia msumari bila kuuliza zaidi, maana miaka kumi na minane ya ndoa humfundisha mtu lipi la kuuliza na lipi la kuacha lipite.

Siku zilizobaki alizitumia kupiga deki na kujikaza kisabuni. Mbele ya kioo cha pembeni cha lori alijaribu salamu. "Shikamoo, mama. Karibu." Shikamoo ilitoka vizuri. Lile neno la pili, 'mama', lilimkwama kooni kila mara, kama mwiba wa samaki, hadi akakata shauri kwamba shikamoo peke yake inamtosha mtu yeyote mwenye adabu.

Jumamosi ilikuja na ukungu. Kobe aliingia uani kwa mngurumo wake wa kukohoa, akasimama mbele ya gereji, na Mzee Bikari akashuka upande wa dereva, kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo humu?"

"Hatujambo." Fundi Waya alichungulia nyuma ya bega lake. Kiti cha abiria kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote, blanketi la mama la miraba ya kijani na kahawia limekunjwa juu yake. "Mbona uko mwenyewe?"

"Nije na nani?"

"Si ulisema unakuja na jiko?"

"Liko nyuma," Mzee Bikari alisema kwa furaha. "Nimelifunga kamba. Njia ile mbovu, lingerukaruka."

Mlangoni, seremala alipaliwa na chai.

"Baba," Fundi Waya alisema taratibu. "Umelifunga kamba?"

"Na gunia nimelifunika, vumbi lisiliingie. Kwani nimekosea? Njoo ulione mwenyewe, ni zuri."

Alizunguka nyuma ya gari, akafunua turubai. Kwenye sakafu ya bati, katikati ya benchi mbili za chuma, palikuwa na boksi. Ndani ya boksi, limezungukwa na mabomba, nyaya na pampu ndogo isiyozidi kidole gumba kwa unene, lilikuwepo hita la gari, lile la kuunguza dizeli na kupuliza hewa ya moto. Ukubwa wake ni wa kopo la rangi lililolazwa ubavu.

"Baba, hili ni hita."

"Hita, hita! Lina mafuta, lina moto, lina bomba la moshi. Hilo kwa Kiswahili linaitwa jiko."

Fundi Waya aliketi juu ya tairi. Alianza kwa kutikisika mabega, kisha kicheko kikamtoka chote, kikambana mbavu mpaka machozi. "Baba mimi nilidhani umeoa! Wiki nzima sijalala vizuri, nimepiga deki mpaka darini, nilidhani unaniletea mke! Kumbe hita! Lo, afadhali, baba. Afadhali mara mia."

Seremala naye alicheka. Mzee Bikari alicheka pia, ila yeye alianza wenzake wakiwa wanamaliza. Baadaye aliingia ndani kunywa chai, akakaa kiti cha mgeni, akainua kikombe. Aliitazama picha ukutani, akatazama vumbi jipya la msumari sakafuni chini yake. Aliimaliza chai yake yote, akashukuru, akasema waende kazini.

Kazi ya kufunga jiko la namna hii si ngumu, ila haitaki papara. Lenyewe hukaa chini ya kiti cha abiria. Chini yake unatoboa sakafu, ili bomba la kuvuta hewa na bomba la moshi yapite kwenda nje, na katikati unaweka gasketi isiyoruhusu hata pumzi ya sisimizi. Moshi utokee nje, hewa ya moto iingie ndani, na hizo mbili zisikutane kamwe. Fundi Waya aliwahi kuyafunga matatu kwenye malori ya safari ndefu. Alifungua bolti za kiti, akampa ishara baba yake akinyanyue upande wa pili.

Mzee Bikari hakusogea. "Blanketi," alisema. "Liondoe wewe."

"Si ulitoe tu, baba, liko mbele yako."

"Liondoe wewe."

Akaliondoa, akaliweka juu ya meza ya kazi, mbali na grisi. Hakulifikiria zaidi. Walikinyanyua kiti, na Mzee Bikari akatoa mfukoni karatasi ya miraba midogo, ramani ya Kobe mzima aliyoichora kwa penseli, vipimo vyote vimeandikwa kwa mwandiko wake mdogo wa kazini. Sakafu walitoboa pale alipoweka alama, na matundu yote yaliangukia sawasawa, hakuna lililogusa chesisi.

"Ungekuwa fundi wangu ningekulipa," Fundi Waya alisema.

"Pampu inakaaje?"

"Karibu na tangi, imeinama, mdomo juu. Mapovu yapate njia ya kutoka."

"Imeinama nyuzi ngapi?"

"Baba, imeinama tu. Hivi."

"Hivi si kipimo," Mzee Bikari alisema, na akatoa bikari, na kifaa cha kupimia pembe, akalala chini ya gari na umri wake wote. Pampu ikakaa nyuzi thelathini kamili. Akatoka na majani kwenye kofia na uso wa mtu aliyeshiba, na Fundi Waya akafikiri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, jinsi alivyompenda mzee huyu na vikorokoro vyake.

Walivuta mafuta kutoka kwenye tangi kwa kijibomba chake cha peke yake. Walivuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi katikati. Ukungu uliinuka kidogo, jua likatokea jeupe na kujificha tena. Likabaki bomba la hewa moto, lile nene lenye mikunjo, linalobeba joto kutoka kwenye jiko na kulitapika pale unapotaka.

"Hili tulipeleke nyuma," Mzee Bikari alisema.

Kwenye ramani palikuwa na mshale kweli, kutoka chini ya kiti hadi benchi ya nyuma, upande wa kushoto, na kando yake namba: sentimita hamsini na moja.

"Nyuma kufanya nini? Dereva uko mbele."

"Mimi nina sweta."

"Na nyuma nani hana sweta? Vipimo vya mvua?"

"Kuna watu nawapakia siku mojamoja," Mzee Bikari alisema. "Watu wa njiani."

Fundi Waya aliweka spana chini. Katika kazi kulikuwa na mambo ya utani na mambo yasiyo ya utani, na hili lilikuwa la pili. "Baba, nisikilize. Nyuma hapakai mtu tena. Gari likitembea, turubai lile linavuta hewa kutoka mkiani, na leo ndani ya hewa hiyo kutakuwa na moshi wa jiko. Uzi wa mishono yake umechoka, kuna mianya naiona hapa. Anayekaa benchi ile ataanza kusinzia, na moshi wa namna hii haukuamshi. Mbele sawa, milango inabana. Nyuma mizigo tu."

"Hata tukilitokeza bomba la moshi pembeni?"

"Hata tukilitokeza. Mimi sifungi kitu cha kuua mtu."

Mzee Bikari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Basi tulitoe," alisema.

"Tutoe nini?"

"Jiko. Nitalirudisha dukani."

"Baba, tumeshatoboa sakafu!"

"Tutaziba."

Alikwisha kuinama kutafuta spana. Mtu aliyelitafuta jiko miezi sita, aliyepima pampu kwa nyuzi, sasa analifungua kwa mikono ileile. Fundi Waya aliweka kiganja chake juu ya mkono ule.

"Baba. Nani anakaa nyuma?"

Mzee Bikari alisema, akiiambia spana zaidi kuliko binti yake.

"Mwalimu. Yule aliyekuwa mkuu wa shule kule mlimani. Yeye pia ni mjane, ana magoti, baridi yabisi. Kila Jumanne nashuka naye hospitali kwa mazoezi ya viungo, jioni nampandisha. Mwaka sasa na miezi. Anakaa pale kwenye chuma, ubavuubavu, upepo unampiga kutoka chini ya turubai. Namwambia pole, Mwalimu. Ananiambia, angalia barabara." Alitabasamu kidogo. "Miaka thelathini na minane darasani, hajui kulalamika, anajua kusahihisha. Daftari langu la mvua amelijaza wino mwekundu. Kumbe siku zote nilikuwa naandika 'rasha rasha' maneno mawili."

Aliigeuza spana mkononi.

"Nampenda, mwanangu. Sikujua kama bado ninaweza. Lakini ndivyo ilivyo."

"Kwa nini hakai mbele?"

Mzee Bikari aliangalia meza ya kazi, lilipokuwa blanketi.

Na hapo likamrudia Fundi Waya, lote, hata harufu ya siku ile. Wiki ya tatu baada ya mazishi. Alifungua mlango wa Kobe akakuta blanketi la mama limetupwa nyuma, lina tope, na juu ya kiti kuna karani wa idara ya maji anakula karanga. Alimsubiri karani aondoke. Halafu akamwambia baba yake, pale pale uani, kwamba kiti cha mama hakikaliwi na mtu. Yeyote. Milele. Alisema na mengine, lakini hilo ndilo aliloshika mzee. Yeye aliyelisema alikwisha kulisahau kufikia jioni. Ulimi hauna mfupa, na kinachouma humuuma aliyeambiwa.

"Nilisema vile," alisema sasa, kwa sauti ndogo.

"Ulisema."

"Na Mwalimu, anajua?"

"Siku ya kwanza alifungua mlango wa mbele. Akaliona limekunjwa, akaniuliza la nani. Nikamwambia. Akaufunga mlango polepole, akazunguka nyuma mwenyewe, akapanda na magoti yale. Hajauliza tena mpaka leo."

Seremala alikuwa anapiga randa upande wa pili wa ua. Waliisikia ikienda na kurudi.

"Kwenye simu nilikuwa na maana ya jiko, jiko kweli," Mzee Bikari aliendelea. "Sikufikiria vingine. Ila nilipanga leo tukimaliza nikueleze na hilo jingine. Halafu nikaona ulivyocheka. Ulisema afadhali mara mia. Nikaingia ndani, nikamwona mama yako ukutani, na msumari mpya. Nikasema basi, Bikari, yaishie hapa. Apate joto tu huko nyuma, inatosha."

Fundi Waya aligeuka akafanya kama anatafuta kitambaa. Hakuwa mtu wa machozi, na hata haya angeyasingizia dizeli. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka miguuni. Alimwona mwanamke asiyemjua, mtu mzima, mwalimu wa watu, anaufunga mlango polepole ili asimguse marehemu, kisha anapanda nyuma kama mzigo. Mwaka mzima na miezi. Na yeye huku alikuwa anapigilia misumari.

Alilichukua blanketi mezani. Lilikuwa jepesi kuliko alivyolikumbuka. Kwenye pembe moja palikuwa na doa la zamani, na doa lile alilijua: uji wa mtoto wa mtu, mwanamke mmoja waliyemkuta kwenye mvua kipindi yeye Waya akiwa darasa la nne. Mama alilivua magotini mwake akamfunika yule mtoto na mama yake wote wawili, akakaa safari nzima anatetemeka na kuimba ili asitetemeke. Halikuwa blanketi la kiti hata siku moja. Lilikuwa la abiria. Kila aliyepanda Kobe akihisi baridi alipewa, na mama hakuwahi kuuliza jina kwanza. Yeye binti yake ndiye aliyelikunja akaliweka pale, akalifanya mlinzi.

"Baba," alisema. "Hii hamsini na moja ni nini?"

Mzee Bikari alikohoa. "Kimo cha goti. Akiwa amekaa."

"Ulimpima?"

"Kwa macho."

"Sentimita hamsini na moja, kwa macho?"

"Nina jicho la kazi," Mzee Bikari alisema, na masikio yakamwiva.

"Haya. Kiti cha mbele ni kifupi kuliko benchi, na miguu anainyoosha, si hivyo? Basi goti litashuka." Alivuta futi kutoka mfukoni. "Kaa hapa nipime. Wewe na yeye nani mrefu?"

"Yeye, kidogo." Hakukaa. Alisimama na spana mkononi. "Waya, unafanya nini?"

"Nafunga jiko, baba. Si ndiyo kazi uliyoniletea? Bomba linakuja huku mbele. Nitaligawa, mdomo mmoja kwenye magoti yake, mmoja mdogo kwenye miguu yako, maana hata sweta lina mwisho wake. Kaa."

Mzee Bikari alikaa. Ilibidi binti yake apige magoti kwenye tope kusoma futi, na kwa hiyo hakuuona uso wa baba yake, lakini alihisi mkono ukimgusa kichwani, juu ya kilemba chake cha kazi, ukatulia pale, mkono wa mtu anayepima kitu kisicho na kipimo.

"Kumbe hukusikia vibaya kwenye simu," mzee alisema baada ya muda. "Ulisikia mapema tu."

Saa tisa waliliwasha. Kwanza halikufanya kitu, na Fundi Waya akamwambia baba yake asubiri, linavuta mafuta. Kisha pampu ikaanza chini ya gari, tik, tik, tik, na Mzee Bikari akahesabu mapigo kwa saa yake. Moshi mweupe ulikoholewa nje, ukapungua, ukaisha. Ndani ya jiko kitu kikavuma. Fundi Waya alikaa kwenye kiti cha abiria, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki, akafunga mlango, akaweka magoti mbele ya mdomo wa bomba. Hewa ilikuja baridi, ikaja vuguvugu, ikaja moto. Ilimpanda taratibu mpaka mapajani, na kioo cha mbele kikaanza kukauka ukungu kutoka chini kwenda juu. Alifumba macho. Ingemfaa mama, alifikiri. Na mama angeshuka aende akamwite Mwalimu mwenyewe.

"Lina siri moja," alimwambia baba yake. "Ukilizima, haliishi hapohapo. Linaendelea kupuliza dakika tatu, nne, mpaka lipoe. Usilikatie umeme, litaungua. Liache limalize."

"Kama Mwalimu akisimulia," Mzee Bikari alisema.

Blanketi lilibaki garini, ila si kitini. Fundi Waya alilifua kesho yake, akalikunja, akalitundika mgongoni mwa kiti, pale ambapo mkono wa abiria unalifikia bila kuomba. Picha ya mama nayo haikurudi chumbani. Seremala aliihamishia karibu na dirisha, penye mwanga, mahali inapomtazama kila mtu na haimkodolei mtu macho. Tundu la msumari wa kwanza alilijaza kwa vumbi la mbao na gundi, na hakuuliza.

Jumanne, Fundi Waya alifanya kazi na simu kwenye mfuko wa kifuani. Mchana haikulia. Saa kumi haikulia. Alijiambia njia ni mbovu, mtandao ni ule ule, hospitali zina foleni. Alijiambia pia kwamba labda Mwalimu amekataa, kwamba mtu akishazunguka nyuma mwaka mzima si lazima arudi mbele siku unayotaka wewe. Hilo lilimkaa moyoni kuliko yote. Saa kumi na moja kasoro simu ikatetemeka, jina la baba yake kwenye kioo, na kwa nyuma, hata kabla ya sauti ya mtu, aliisikia tik, tik, tik.

"Baba, mmefika? Jiko linasemaje?"

Aliyejibu hakuwa baba yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka, sauti iliyozoea kusubiri darasa linyamaze.

"Unauliza jiko lipi, mwanangu? Maana humu mbele tuko mawili."

Mbali kidogo na simu, Mzee Bikari alisikika akicheka, na safari hii alianza wa kwanza. Fundi Waya aliegemea lori la watu. Alikuwa amejiandaa kwa shikamoo peke yake, ile inayomtosha mtu yeyote mwenye adabu.

"Shikamoo, mama," alisema, na halikumkwama.

"Marahaba," Mwalimu alisema. "Magoti yanakushukuru."